Sauti ya Harusini

Siku mwanawe alipooa, Mutanu alikuwa amelazwa hospitalini. Aliambiwa tu kwamba kijana alisimama akamshukuru hadi watu wakalia. Sasa kijana ni marehemu, na mama amemletea Kisilu, fundi wa video pale Kyumbi, ile video ya harusi. Anataka atolewe sauti peke yake, aisikilize kwa kabambe, simu yake ndogo isiyocheza video.

Picha ilionekana, lakini sauti ikakataa katakata.

"Ni kodeki, mwaitu," Kisilu akamwambia, akimwita mama kwa Kikamba. "Sauti imefungwa kwa njia ambayo programu yangu haisomi. Aliyeirekodi ni bure kabisa!"

Alijaribu programu tatu huku akitukana. Ya nne ikafungua sauti, spika zikalipuka kwa kwaya na kinanda, mwanzo hadi mwisho. Kwenye skrini midomo ya kijana ilicheza bila neno.

Kisilu akautambua wimbo. Ndio aliobandika juu ya kila harusi aliyopiga video, kisha akafuta maneno ya watu ili kompyuta isijae.

"Si ni wewe ulishika kamera, mwanangu?" Mutanu akamwuliza. "Basi niambie tu, alisema nini?"