Siku Nilipowapaka Wakwe Zangu Zambarau

Aibu hii nimeisikia ikisimuliwa harusini, msibani, na hata kwenye foleni ya zahanati, na kila anayesimulia anaitia chumvi yake, basi nimeona bora niiseme mwenyewe, maana hata bila chumvi inatosha kabisa kumfanya mtu mzima afunike uso. Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye niliyewapaka wakwe zangu rangi ya zambarau, mikono na midomo, siku ile ile ya kupeleka jembe la posa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza, nami nilikuwa dresa katika zahanati ndogo ya misheni huko milimani upande wa Kilolo (dresa kazi yake kusafisha vidonda na kufunga bandeji, ila watu walituita daktari na sisi hatukuwasahihisha). Kwetu ni Tukuyu, mimi Mnyakyusa, kwa hiyo pale kwa Wahehe nilikuwa mgeni, na kazi ikiisha sikuwa na ndugu wa kupiga naye soga, ndipo nikaanza kuchonga mipini ya visu. Si kwa kuuza, kwa kujifurahisha tu. Mhunzi ananipa kisu kitupu, natafuta kipande cha mpera kilichokauka, nakitia nakshi, nakisugua kwa majani ya msasa mpaka kinateleza, halafu nautia mkia wa kisu motoni, ukiwa mwekundu naukandamiza ndani ya tundu la mpini, mti unalia chwii, kazi imekwisha. Nilijiona fundi kwelikweli. Mtu akija na jipu lake, kabla sijalitumbua namwonyesha kwanza mpini.

Basi nikampenda Rahabu. Huyu alikuwa binti wa Mzee Nathanieli, mzee wa kanisa, mtu mrefu asiyecheka ovyo, na Rahabu mwenyewe alisuka vikapu vya nyasi za milulu vyenye mistari ya zambarau ukingoni, vizuri mpaka unaona vibaya kuvitia mahindi. Baba yake hakunitaka. Hakunichukia, ila aliogopa. "Mnyakyusa huyu," alimwambia mshenga wangu, "kesho akirudi kwao Tukuyu na mwanangu, mimi nitamwona wapi?" Mshenga wangu, Mzee Yohana, alipanda na kushuka ule mlima karibu mwaka mzima, mpaka siku moja wakakubali: Jumamosi tupeleke jembe, Jumapili ndoa itangazwe kanisani. Jumamosi ikiharibika, hakuna Jumapili.

Mtu mwenye akili angepeleka jembe akanyamaza. Mimi nikachonga na kisu.

"Asajile, jembe linatosha," mshenga akaniambia. "Kisu hakijaombwa."

"Ni zawadi tu, Baba."

"Haya. Wewe ndiye msomi."

Mpini wenyewe niliutia nakshi ya msuko wa kikapu, ili Rahabu akiuona ajue nilikuwa nikimuwaza yeye, na nakshi ilitoka safi, sitaki kujisifu (najisifu), lakini mti wa mpera nao ni mweupe, kwa hiyo Ijumaa mchana nilipouweka mezani niuangalie, niliona mwiko mpya wa ugali. Nikasononeka. Nikainua macho, na pale kwenye kabati la dawa ikaniangalia ile chupa ya dawa ya zambarau, ile ya kupaka upele na vidonda vya mdomoni. Nikachovya pamba. Nikapitisha mstari mmoja tu, kama wa kikapu cha Rahabu. Ukapendeza. Nikapitisha wa pili. Kufika saa kumi mpini mzima ulikuwa zambarau, nikaukausha, nikaupaka nta ya nyuki, ukang'aa mpaka nikacheka peke yangu.

Sasa, dawa ile ikimgusa mtu inakaa siku nne au tano, na aliyekuwa akiwaambia akina mama hivyo kila asubuhi ni nani? Ni mimi! Lakini nilijiambia nta itaizuia, na tena kisu cha nakshi namna ile nani atakikatia kitu, si kitatundikwa ukutani? Vidole vyangu nikavisugua kwa spiriti mpaka vikawaka moto, vikatakata, ila kucha zikakataa.

Jumamosi tukapokelewa vizuri. "Kamwene! Kamwene!" kila upande, mkeka umetandikwa, wazee wa ukoo wamekaa, na Lameki, mjomba wake Rahabu, ametoa mbuzi wake mwenyewe kwa heshima yetu, beberu aliyemlea kama mtoto. Jembe likapokelewa. Kisha nikatoa kisu, kikapita kwa wazee, wakakigeuzageuza, mmoja akasema, "Huyu ana mikono!" nami nikatazama chini kwa unyenyekevu wa uongo.

Ndipo Mzee Nathanieli akasema neno lililonitoa jasho. "Nyumbani kwangu, zawadi isiyotumika siku hiyo hiyo haijapokelewa. Leteni nyama."

Nyama ikaja moja kwa moja kutoka chunguni, inafuka moshi. Wazee wakanawa maji ya moto, hawakujifuta. Mzee akashika kisu, akakata pande lake, akampa jirani, naye akakata, akampa wa pili yake, kisu kikazunguka mkeka mzima kikiwa kimelowa maji na mafuta, na mimi nikiangalia nta yangu inavyoyeyuka, lakini nikanyamaza (laiti ningesema pale pale!). Kisu kikavuka mpaka kwa shangazi yake Rahabu upande wa akina mama. Watu wakala kwa mikono yao kama inavyotakiwa.

Shangazi ndiye aliyepiga kelele. "Yuwe! Kaka, mdomo wako!"

Mzee akajigusa mdomo, akazidisha. Akatazama mkono wake. Akamtazama jirani yake, naye midomo zambarau, mashavu zambarau, na yule wa tatu hata sikio, sijui alikuwa akijikuna. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye daktari.

"Dresa," Mzee akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kweli, "huu ni ugonjwa gani?"

Ndugu zangu, hapo mlango ulikuwa wazi. Maneno matatu tu, "ni rangi yangu," tungecheka tukanawa. Lakini nilimwona Rahabu amesimama kwenye mlango wa jiko, nikaona mwaka mzima wa mshenga unabomoka, nikafungua kinywa, nikajisikia nasema kwa sauti ya zahanati: "Msiogope. Nadhani ni huyu mbuzi. Pengine alikula majani mabaya."

"Mbuzi wangu?" Lameki akasimama.

Chungu kizima kikamwagwa. Mbwa wakala nyama yote, wakalamba midomo, wakalala juani wakiwa na afya kuliko mimi. Shangazi akataka kujua sasa wafanye nini, nami, kwa kuwa uongo ukishaanza unataka kulishwa, nikasema wanywe maji ya chumvi watapike. Basi nikasimama pale na suti yangu ya kuazima, nikiwasikiliza wakwe zangu watarajiwa, watu wazima, wacha Mungu, wakitapika mmoja mmoja nyuma ya mianzi. Mshenga wangu naye alitapika. Aliporudi alinitazama tu.

"Na Dresa mwenyewe alikula," shangazi akakumbuka. "Rahabu, mpelekee na yeye."

Rahabu akaja, akapiga magoti, akaninyooshea bakuli kwa mikono miwili. Nikalipokea kwa mikono miwili, ndivyo adabu inavyotaka, na kucha zangu kumi zikawa mbele ya macho yake. Akaziangalia sana. Kisha akauliza, si kwa kunong'ona: "Asajile, hii si ile dawa uliyompaka mdogo wangu mdomoni?"

Sikuwa na pa kupita. Nikasema yote: pamba, chupa, nta. Hakuna aliyecheka. Lameki alimtaja mbuzi wake kwa Kihehe, mengine sikuyaelewa na sikuomba tafsiri.

Mzee Nathanieli akauliza jambo moja tu. "Kwa nini ulisema ni mbuzi?"

"Niliogopa, Baba."

"Uliogopa nini?"

"Kumkosa Rahabu."

"Jembe libaki hapa," akasema. "Wewe nenda. Neno langu utalisikia kesho kanisani."

Sikula kitu mpaka asubuhi. Kanisani nilikaa benchi la mwisho, na kutoka pale niliwaona wote, Mzee na ukoo wake benchi la mbele, midomo bado zambarau kwa maana sabuni haikusaidia, na washarika wamesogea mbali nao, mama mmoja kamziba mtoto pua kwa kitambaa. Niliona uchungu kuliko aibu. Watu wale walikuwa wanaheshimiwa kuliko wote pale, na mimi nimewafanya waogopwe kama wenye ukoma.

Mchungaji akasoma jina langu na la Rahabu. Nikashukuru kwamba hata limesomwa. Akasema mwenye kizuizi aseme sasa.

Mzee Nathanieli akasimama.

Mzee Yohana, aliyekaa karibu nami, akashika goti langu akalibana. Mzee akageuka, akawatazama washarika kwa mdomo wake ule, akasema: "Kizuizi sina. Nilitaka tu mjue kwamba hatuumwi. Hii ni rangi ya mkwe wangu."

Mkwe wangu! Watu walicheka mpaka mchungaji akaweka kitabu chini, na Mzee mwenyewe akacheka, mara ya kwanza namwona akicheka, na ulimi wake nao ulikuwa zambarau. Mimi nililia, na sioni haya kulisema.

Na Rahabu tukaoana. Lameki nilimlipa beberu, akampokea baada ya kumkagua meno. Mipini bado nachonga mpaka leo, lakini niliapa, na kiapo hicho sijakivunja, kwamba mtu akiniuliza anaumwa nini na mimi ndiye niliyemuumiza, nitasema kabla hajamaliza swali. Na kila mpini ninaoumaliza mke wangu anautumbukiza kwanza kwenye sufuria ya maji ya moto, anasubiri, anayachungulia maji, na mimi nasimama pembeni na umri wangu huu nikingoja aniambie kama umefaulu.