Komeo la Ndani

Bibi alimpachika mtunzaji wake jina Kivuli siku za mwanzo tu za kazi. "Nikienda msalani upo, nikikohoa upo. Wewe mtu au kivuli?" Jina likaganda. Hata binti wa Bibi, aliyemwajiri amtunze mama yake kwa kuwa yeye anafanya kazi mji mwingine, akipiga simu huuliza, "Kivuli, mama kaamkaje?"

Kazi yenyewe si lelemama. Kuna kucha ngumu kama kwato, kuna vidonge vya kubembelezea, kuna matusi ya kumeza bila maji. Na kuna kuoga. Bibi hataki kuonwa akioga, hata afe. Basi Kivuli hupindua ndoo, akaikalia nje ya mlango wa bafu, akagonga taratibu: ko, ko. Bibi naye hugonga kutoka ndani: ko, ko. Maana yake, sijaanguka, niache. Akimaliza huuliza, "Taulo liko wapi?" na kufungua mwenyewe.

Kumbukumbu za Bibi zilipoanza kumponyoka, Kivuli aliogopa wageni kuliko maradhi. Mzee asiyejua nani ni nani anaweza kumfungulia hata mwizi. Kwa hiyo akamfundisha kila siku, kama mtoto anavyofundishwa kuhesabu: mlango ukifungwa tu, sukuma komeo, na usimfungulie mtu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Asubuhi moja Kivuli alibandika maziwa jikoni, akatoka uani mara moja kuanua mashuka. Upepo ukaubamiza mlango. Kisha akasikia komeo, kacha!

"Bibi, fungua, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Kivuli."

"Kivuli hakina mdomo. Toka hapa, jambazi!"

Kivuli alicheka. Papo hapo chini ya mlango ikapenya harufu ya maziwa yaliyoungua, na nyuma yake harufu nyingine, nzito, ya gesi. Maziwa yalikuwa yamefurika yakazima moto.

"Bibi! Zima jiko!"

"Limeshazimika. Natafuta kiberiti."

Kivuli alipiga kelele mpaka fundi viatu wa jirani akaja mbio na nyundo yake.

"Sogea, dada, tuuvunje."

"Usiguse, kaka! Mlango wa chuma na nyundo ya chuma. Ikitoka cheche?"

Fundi akaitazama nyundo yake kana kwamba imegeuka nyoka. Dirishani kulikuwa na nondo. Ndani, droo zilifunguliwa na kufungwa.

"Bibi, nakuomba, usiwashe!"

"Wewe nani wa kunipangia jikoni kwangu?" Sauti ya Bibi ilitetemeka. Hapo Kivuli akatambua kuwa aliye ndani anaogopa kuliko aliye nje, na kila kelele inamzidishia jambazi mlangoni. Kisha akasikia njiti zikicheza ndani ya kiberiti.

Akanyamaza. Akachutama, mashuka kifuani, jasho jembamba likimtiririka, akagonga kama anavyogonga kila asubuhi: ko, ko.

Njiti hazikucheza tena.

Ko, ko.

Nyayo zikaburuzika, zikakaribia. Kutoka ndani, taratibu: ko, ko.

"Taulo liko wapi?"

"Ninalo hapa, Bibi. Nifungulie nikupe."

Komeo likasogea. Kivuli akamfunika shuka mabegani, akampokonya kiberiti, akamsukumia mikononi mwa fundi, akakimbilia mtungi wa gesi huku amebana pumzi.

"Mbona unatetemeka, mwanangu?" Bibi alimuuliza baadaye uani. "Maji yalikuwa ya baridi?"

Mchana fundi aling'oa komeo. "Na majambazi je?" Bibi aliuliza.

Sasa Bibi akiingia kuoga, Kivuli hukalia ndoo yake, akagonga, akashika pumzi. Jana jibu lilikuja, ko, ko. Lakini lilichelewa.