Nyumba ya Ghorofa Juu ya Kilima cha Baba

Ninauza misumari Butembo tangu nilipoolewa, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza watu wanaipeleka kutundika nini. Sasa najua. Wanatundika picha, tena juu kabisa, karibu na dari, zikiwa zimeinama mbele kidogo ili marehemu na maharusi waweze kuchungulia wageni wanakula nini. Ukiingia salon, yaani sebule, ya mtu wa kwetu, shingo inakuuma kabla hujapewa kiti.

Mimi nilitaka kuelimika. Simu yangu mpya ilikuwa inaona vizuri kuliko macho yangu, kwa hiyo niliposikia kuna mafunzo ya kupiga picha, nilifunga duka nikaenda. Mwalimu alitoka Goma. Alivaa kizibao chenye mifuko mingi, na hakuna hata mmoja uliokuwa na kitu ndani. Tulimwita formateur, kwa sababu mtu akitoka Goma na mifuko yote ile huwezi kumwita mwalimu tu.

Formateur alisema mwanga mzuri ni wa asubuhi na wa jioni. Halafu akasema kitu chenye maana kisiwekwe katikati ya picha hata siku moja. Kiwekwe pembeni, kidogo, jicho likitafute lenyewe. Tuliitikia kwa vichwa kama tuko misani. Siku ya mazoezi akatupeleka Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, tukapige mandhari. Hatujawasha hata simu, askari akafika.

"Nani alibatuma?"

"Tunatafuta mwangaza, chef," formateur akajibu.

"Mwangaza iko kila fasi. Juu ya nini munautafutia hapa?"

Katika mafunzo yote sikusikia swali zuri kuliko hilo. Tulirudi nyumbani, na vyeti tukapewa vilevile.

Mama yangu anakaa Beni, kwa kaka yangu, katika commune ya Mulekera. Baba amelala Kipese, kwenye kilima chake, mwishoni mwa mstari wa mikaratusi aliyoipanda mwenyewe. Kaburi lina msalaba mdogo wa mbao uliopakwa rangi nyeupe. Mama hajafika pale kwa muda mrefu. Kwanza magoti yalimkatalia, kisha barabara nayo ikamkatalia. Aliposikia binti yake amekuwa mtaalamu wa picha, hakunipongeza. Alinipa kazi.

"Basi, uende unipigie fasi baba yako analala. Minataka nione kama majani haikumufunika."

Nikapanda Kipese. Kule juu asubuhi kuna baridi ya kukufanya utubu dhambi ambazo hujatenda. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba ya viazi, jua likaupasua, na mimi, nasema bila haya, nilitokwa na machozi kwa uzuri wa ile picha. Msalaba niliuweka pembeni, mdogo, kama nilivyofundishwa. Katikati nikaacha kilima kipumue.

Fundi aliyenikuzia picha ana studio karibu na soko. Ukutani kwake amechora ngazi ya ndege, na nusu ya mji wetu imeshapigwa picha ikipanda ngazi ile bila kwenda popote. Aliitazama picha yangu kwenye kompyuta yake, akaisogeza huku na huku.

"Mama, lakini hapa hakuna mutu."

"Ni paysage, mandhari tu."

"Ndiyo, ni paysage. Batu bako wapi?"

"Hakuna watu. Ndivyo inavyotakiwa."

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayempa mwenzake pole ya msiba. "Bon. Uniachie. Nitakutengenezea muzuri."

Nilipoifuata, ilikuwa tayari ndani ya fremu, imefungwa kwa karatasi ngumu na utepe wa gundi pande zote, kama mzigo unaovuka mpaka. Nami sikuifungua. Niliipakata hadi Beni, nikila vumbi njia nzima.

Kwetu picha iliyotoka Butembo haifunguliwi bila mashahidi. Majirani waliingia. Kaka yangu alitoa kalenda juu ya televisheni ili kupisha. Nikakata utepe, nikavuta karatasi, nikainua fremu kwa fahari huku nikiwatazama wao badala ya picha, na ndipo jirani mmoja akapiga vigelegele.

"Félicitations! Kumbe munajenga Kipese na hamusemi!"

Nikaigeuza. Kilima kilikuwa changu, ukungu ulikuwa wangu. Lakini pembeni, mwishoni mwa mikaratusi, ilisimama nyumba ya ghorofa yenye vioo vya bluu na baraza juu, na mbele yake gari jeupe linang'aa. Kaka yangu alinikazia macho ya mtu aliyenyimwa urithi. Jirani mwingine, mzee Mwislamu aliyeendesha malori maisha yake yote, aliinama akachunguza.

"Mashallah. Lakini ile gari ilipanda kule namna gani? Ile njia naijua."

Mama naye akasogea. Alivaa miwani. Nyumba hakuitazama hata kidogo. Aliweka kidole kwenye mkaratusi wa kwanza, akaufuata mstari taratibu, mti kwa mti, mpaka kidole kikagonga ukuta wa ghorofa. Kikabaki hapo.

"Na baba yako?" akaniuliza. "Mulimutia wapi?"

Nilishikwa na aibu, kisha hasira, na hasira ikashinda. Kwanza nilimwonyesha picha ya kweli kwenye simu, lakini msalaba, kwa sababu ya utii wangu kwa sheria za Goma, ulikuwa kama punje ya mchele, na macho yake hayakuupata. Nikampigia fundi, sauti ikasikika chumba kizima.

"Ah, mama, uliiona? Ile étage nilikupea cadeau, ya bure! Pale kulikuwa ka kitu keupe, kama doa, njo nikakafunika."

Mama akachukua simu mkononi mwangu.

"Ile doa ni bwana yangu," akasema.

Fundi akaanza kuomba radhi, na hakuacha mpaka chaji ya simu ikaisha.

Siku chache baadaye alituma picha nyingine kwa basi. Ghorofa imetoka, gari limetoka, msalaba upo, na majani yamekatwa vizuri kuuzunguka. Lakini fundi wa kwetu hawezi kuomba msamaha mikono mitupu. Alikuwa ameomba kwa kaka yangu picha ya kadi ya uchaguzi ya baba, akamsimamisha baba katikati ya kilima, mrefu sawa na mikaratusi, amevaa suti ya mtu mwingine na tai nyekundu. Kivuli cha miti kilienda kulia, cha baba kikaenda kushoto. Formateur angezimia.

Mama alicheka mpaka akavua miwani ajifute.

"Nani alimuvalisha cravate? Ata siku ya ndoa alikataa!"

Kisha akatazama msalaba kwa muda mrefu, akatingisha kichwa, akaamuru itundikwe. Juu, karibu na dari, imeinama mbele.

Ile ya kweli nimeitundika kwangu Butembo, kwa msumari wa duka langu, kwenye usawa wa macho. Wageni wangu ni wafanyabiashara. Hakuna aliyewahi kutaja mwangaza. Wanasimama mbele yake, mikono nyuma, wanapima kilima kwa macho kama kiwanja, na swali lao ni lile lile.

"Hii terrain ni ya nani? Iko wazi?"

"Hapana," nawaambia. "Pale kuna mutu anakaa."