Siku Mkunga Alipoketi Mbele ya Mfalme

Watu hupenda kuniuliza kama najuta. Nawajibu, najuta kitu kimoja tu: ugali na samaki wa mama yangu niliouacha mezani kwa hasira. Hayo mengine sijuti hata chembe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule moja mjini Kisumu, bado sijathibitishwa kazini, na Jumamosi niliigiza na kikundi chetu katika ukumbi mmoja pale Kaloleni. Mchezo wetu aliutunga karani wa reli, mtu mpole aliyevaa tai hata akienda sokoni. Ulihusu mfalme wa kale aliyekikalia kiti cha kaka yake marehemu. Marehemu ameacha mtoto mchanga, mrithi halali. Basi mfalme anamwita mkunga aliyempokea mtoto huyo, anamwamuru aape mbele ya watu kwamba mtoto si wa marehemu. Mkunga anakataa. Mchezo mzima ulitegemea huko kukataa.

Mkunga nilikuwa mimi. Sikuhitaji kufundishwa. Mama yangu alikuwa mkunga mtaani Nyalenda, na nusu ya watoto waliogombania maji pale bombani walipitia mikononi mwake. Nilimwibia mwendo wake, nikamwibia na tabia yake ya kufuta mikono kwenye leso hata ikiwa mikavu. Mama alikuwa na sheria moja: mkunga akiulizwa juu ya mtoto aliyempokea, hasemi uongo, hata aulize nani. Wanaume kadhaa walishafika kwake kumbembeleza aseme vingine, wakarudi walikotoka wameinamisha vichwa.

Mfalme wetu alikuwa Mluhya mmoja mwenye bucha, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Moyo wake ulikuwa laini sana. Kila alipomaliza kunifokea katika mazoezi aliniuliza, "Mwalimu, sijakuumiza roho?"

Siku hizo huwezi kuigiza bila kibali. Karani akapeleka maandishi kwa ofisa wa wilaya, yakarudi yamechorwachorwa kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa mwisho umefutwa wote. Pembeni ofisa kaandika kwamba si vizuri mwanamke wa kawaida kumwaibisha mtawala mbele ya umma. Mkunga apige magoti, aseme "Mfalme amesema kweli," watu washangilie, pazia lifungwe. Washangilie! Nilicheka mpaka karani akaniomba ninyamaze, maana yeye alikuwa karibu kulia.

Jumatatu hedimasta akaniita ofisini. Mle ndani mlikuwa na kiti kimoja cha wageni, kina mto wa kijani, na hakuna mwalimu aliyewahi kukikalia. Kilikuwa cha mkaguzi na wakubwa wenzake. Sisi tulisimama mbele ya meza, mikono nyuma, kama watoto waliochelewa.

"Mwalimu," akasema, "mambo yako ya kuthibitishwa yako mikononi mwa watu, na huyo ofisa anajuana nao. Jumamosi atakaa mbele kabisa. Sema maneno aliyoandika, uende zako nyumbani."

"Na nisiposema?"

"Basi usitegemee kufundisha hapa tena."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama, nikijua yeye ndiye atakayenielewa. Akaniandalia ugali na samaki, ngege wa mchuzi, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sema tu, nyathina," akaniambia. Ndivyo alivyoniita siku zote, mwanangu. "Wadogo zako wawili wanasoma kwa huo mshahara wako."

"Wewe ungesema?"

"Mimi ni mkunga kweli. Wewe unaigiza tu."

Yawa! Nilihisi kama amenizaba kofi. Nikasukuma sahani, nikatoka bila kuaga.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Ofisa alikuwa mbele, kwenye kiti cha mikono kilicholetwa kutoka ofisini kwake, na wengine wote kwenye mabenchi. Mama nilimwona mstari wa tatu, amejifunga leso yake nzuri ya kanisani.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hatukulifanyia mazoezi. Unajua baraza lilivyokuwa. Chifu akiingia mnasimama, na hamketi mpaka aseme mketi. Tulizoeshwa hivyo na Wazungu, nao walipoondoka hakuna aliyetuambia tuache. Basi mwenye bucha wetu alipotokea, usinga mkononi, askari mbele yake akitangaza, "Mfalme anaingia!", ukumbi mzima ukasimama. Wazee, vijana, akina mama wenye watoto mgongoni, wote wima. Mfalme akapigwa na butwaa. Angepaswa kuwaambia waketi, lakini maneno hayo hayakuwa kwenye karatasi yake, na naona raha nayo ilimwingia kidogo. Akaendelea. Ofisa peke yake alibaki ameketi, akicheka na kutikisa kichwa, amefurahi kweli.

Mpaka tunafika kwenye kesi ya mwisho, watu bado walikuwa wamesimama. Nikaletwa mbele ya mfalme.

"Mkunga! Piga magoti. Waambie watu mtoto huyu si wa kaka yangu."

Nikawatazama watu. Kulikuwa na mama mjamzito amejishika kiuno kwa mikono miwili. Kulikuwa na mzee mmoja miguu ikimtetemeka, ameegemea bega la mtu asiyemjua. Hasira ikanipanda mpaka machozi yakanitoka. Hakuna aliyewaamuru kusimama! Walisimama kwa ajili ya mwuza nyama aliyeshika usinga, na mimi nilikuwa karibu kumpigia magoti.

Nikaketi. Nikaketi chini kabisa, nikanyoosha miguu kama mwanamke anayechambua maharagwe kwake, nikafuta mikono kwenye leso.

"Mwalimu," mfalme akaninong'oneza, jasho linamtoka, "ni magoti. Magoti!"

"Mtoto huyu ni wa kaka yako," nikasema kwa sauti ya kufika nje. "Nilimpokea kwa mikono hii. Uniue, ukitaka, lakini sitasema vingine."

Kisha nikasikia benchi la mstari wa tatu likilia. Mama yangu alikuwa ameketi. Mzee aliyekuwa akitetemeka akaketi. Yule mjamzito akaketi, kisha mstari wake, kisha mstari wa nyuma, mpaka waliokuwa madirishani nao wakachuchumaa.

Ofisa akaruka kutoka kitini. "Mchezo huu umekwisha!" akafoka. "Nani amewaambia mketi?"

Na kutoka nyuma, mama mmoja Mkikuyu aliyeuza viazi sokoni akajibu kwa upole kabisa, "Bwana, keti na wewe. Unatuzuia kuona."

Jinsi watu walivyocheka! Hata mfalme alicheka, akijificha nyuma ya usinga.

Jioni ile mama hakunisifu wala kunigombeza. Aliniambia tu, "Shule wakikufukuza, uje kwangu asubuhi. Kuna wanawake wawili wanakaribia, na mikono yangu imechoka." Nikajua ameshakubali yatakayokuja, na kwamba wadogo zangu watakaa nyumbani muhula mmoja au miwili. Walikaa miwili, na hadi leo hawajaacha kunitania.

Barua ya kunifukuza ilifika baada ya wiki mbili. Hedimasta aliniita, akainyoosha juu ya meza bila kunitazama usoni. "Mwalimu, pokea."

Nikavuta kile kiti chenye mto wa kijani. Nikaketi, nikajiweka sawa, nikanyoosha miguu.

"Haya," nikamwambia, "sasa ilete."