Kofia ya Manyoya na Dawa ya Buluu

Wajukuu zangu, mnanijua mimi siogopi mtu, lakini siku ya ile ngoma ya Geita nikiikumbuka hadi leo natafuta pa kuficha uso.

Miaka ya hamsini nilimfuata babu yenu kwenye kambi ya mgodi, nyumba zimebanana, mapunye yakanishika kichwani, mtu mzima mimi, kama mtoto mchunga ndama! Wanawake wengi wa kambi walikuwa nayo. Zahanatini alikuwepo Nesi Perpetua, Mhaya mwembamba, mwenye jicho ambalo sijaliona tena kwa mtu mwingine: kila mgonjwa alimuuliza anachota maji wapi, analala na nani, anasukwa na nani. Akaninyoa penye mapunye, akanipaka dawa ya buluu.

"Kalunde, usivae cha mtu kichwani, na chako asivae mtu."

Nikaitikia vizuri kabisa. Jumapili ikawa ngoma, na mama mkwe akaja kutoka Kagongwa kunikagua, maana alishaapa kwamba akikuta kambi imeniharibu ananirudisha kulima pamba, babu yenu abaki peke yake na dhahabu yake. Sasa ngoma yetu, anayeingia katikati huvaa kofia ya manyoya ya mbuni, akitoka anamvika mwenzake, na mfunguzi ni mimi. Ningekataaje, mkwe anatazama? Nikavua kitambaa nilichofunikia dawa, nyuma ya nyumba, nikaishindilia ile kofia mpaka masikioni.

Nilicheza, jamani! (Kucheza nilijua, hilo msinibishie.) Jasho likamwagika na dawa ikateremka nalo, usoni, shingoni, hadi kwenye gauni jeupe, watu wanapiga kelele (walidhani ni urembo wa ngoma), mimi nadhani nashangiliwa, nikazidisha. Nikamvika mwenzangu, naye akamvika mwingine, hadi mama mkwe mwenyewe, kwa kujivunia mkamwana, akaingia akavikwa.

Mlevi mmoja akapaza sauti, "Nyie akina mayu, akina mama, leo mmeoga wino?"

Tukatazamana. Kila aliyevaa kofia ana buluu kwenye paji la uso!

Nesi Perpetua akapenya, akaigeuza kofia ndani nje. Hakucheka, hakunigombeza. "Nimeuliza maji, nimeuliza vitanda," akasema taratibu, "kumbe ni hii." Kisha kwa sauti: "Tazamaneni vizuri. Ilikopita dawa ya Kalunde ndiko yanakopita mapunye."

Mama mkwe akajigusa paji, akatazama kidole chake.

"Kalunde."

"Bee, mayu."

"Nilikuja kukuchukua."

Nikainamisha kichwa, machozi ya buluu.

"Sasa nikawapelekee mapunye wajukuu wa Kagongwa? Nesi, kesho nina nafasi kwenye benchi lako?"

Tulikaa benchi moja, tukanyolewa pamoja. Kofia ikachomwa, kila mchezaji akashona yake, na mapunye yakaisha kambini. Mama mkwe alipopona akaondoka peke yake, akamwambia babu yenu, "Mwache hapa kwa yule nesi, ana akili kutuzidi sote."

Mimi tangu hapo, hata unipe kofia ya chifu, sivai.