Muuza Fimbo za Kuvulia Hauki

Mteja akiomba fimbo moja ya kumvulia hauki, samaki mwenye meno kama msumeno, inayoweza kurusha chambo bandia kikubwa na kidogo, muuza duka wa gatini kwetu huikunja ncha kwa kidole gumba, taratibu, kama anayepima homa. Kisha huuliza swali lake la siku zote: "Ukirusha, unasimama kwenye boti?" Ziwa letu hapa Ufini limeshameza wengi waliosimama. Baadhi walisimama kukojoa, hupatikana zipu za suruali zikiwa wazi, jambo ambalo mchungaji halitaji mazishini. Jana, maji yakikaribia kuganda, nami nikinywa kahawa dukani humo, mvuvi mmoja, Tauno, alitaka fimbo ndefu.

"Ndefu itakusimamisha," muuzaji alisema, akimpa fupi, ngumu kiasi. "Hii inarusha vyote umeketi."

"Niketi kama bibi harusi? Mzee, boti yangu inanijua!"

"Maji hayakujui."

Tauno alicheka, akainunua ile fupi, akateremka gatini. Muuzaji aliligeuzia dirisha mgongo, akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi. Kitambaa kilimponyoka mara mbili. Nje, injini ya boti ilinguruma, ikafifia, ikazimwa.

"Ameketi?" aliniuliza bila kugeuka.

Niliweka kikombe chini, nikatazama.

"Bado."