Viatu vya Kuendea Hospitali

Kwenye semina huwa napigiwa makofi. Wakinikaribisha kuzungumzia usawa katika huduma za afya, naanza na habari za mama yangu, na hadi ninapomaliza kuna watu wanatafuta leso. Habari hiyo ina nusu ya pili ambayo siisemi. Nimeificha miaka kadhaa sasa, na nimechoka nayo.

Nusu ya kwanza ni hii. Nilikulia kijijini, nje kidogo ya Njombe, kwenye nyumba yenye sweta moja na watoto wanne. Nilipougua kifua, mama hakunipeleka moja kwa moja hospitali ya misheni. Kwanza alikwenda kwa jirani kuazima kitenge na viatu. Viatu alivibeba mkononi njia nzima, akatembea peku kwenye baridi ya Juni, na tulipofika kijito cha karibu na geti akanawa miguu, akavivaa. Vilimbana hadi akawa anachechemea. Nikamuuliza kwa nini anajitesa.

“Hospitali haiendwi na nguo za shamba,” alisema. “Wakikuona mchafu, hata dawa watakurushia.”

Kila mama kijijini kwetu alifanya hivyo. Mimi niliona aibu tu, kwa sababu binti wa jirani yule nilisoma naye darasa moja na nilijua kesho yake atanitangaza.

Nilipokua nikasomea ustawi wa jamii, kwa hasira zaidi kuliko kwa huruma. Nikapangiwa kituo kimoja cha afya upande wa Makambako. Kazi yangu ilikuwa kuwasikiliza wasio na uwezo na kuamua nani apate msamaha wa gharama za matibabu. Kazi nzuri, ila iliniharibu haraka. Walikuja watu wenye mashamba ya parachichi na miti ya mbao, wamevaa matambara, wanalia machozi ya kweli kabisa. Waliniingiza mjini mara mbili tatu, nikacharuka. Nikaanza kujisifu kwa wenzangu kwamba mimi nina jicho, kwamba mtu namsoma kuanzia miguuni.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja na binti yake wa miaka tisa hivi. Binti alikuwa ameangukia moto wakati wa kuota, mkono wa kulia umeungua. Muuguzi alishausafisha, akasema warudi mara kwa mara kubadilishiwa dawa, la sivyo vidole vitajikunja. Mama alikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji. Sikuisoma hadi mwisho. Nilitazama viatu: vyeusi, vya kisigino, vimepigwa rangi vikang'aa. Nikapanda juu, nikaona gauni la kitenge lililoshonwa vizuri kuliko langu.

“Mama, na viatu hivyo unaomba msamaha?” nilisema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi la nje. “Waachie wenye shida.”

Hakubisha. Alikunja barua yake, akamshika binti mkono ule mzima, akasema, “Asante, dada.” Wakatoka. Nilijiona mlinzi wa mali ya umma, na mchana nikala kwa raha zangu.

Miezi ikapita. Tukatumwa kuzungukia vijiji kuorodhesha kaya zenye hali ngumu, na kwenye nyumba ya tatu nikapokewa na mama yule yule.

“Kamwene, dada. Karibu ndani.”

Alinitambua kabla sijamtambua. Alikuwa peku. Binti alikuwa anamenya viazi, kisu kimeshikwa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umejifunga ngumi, vidole vimeshikana na kiganja. Walikuwa wameutibu nyumbani kwa majani, maana kituoni hawakurudi tena. Nikiwa bado naukodolea macho, jirani akaingia kuomba chumvi. Amevaa lile gauni. Na vile viatu.

Mtu mwingine angeweza kusema hakujua. Mimi nilijua. Nimezaliwa katika kuazima huko, halafu nikatumia vitu vya kuazima kumhukumu mwenzake mama yangu. Najichukia kwa hilo mpaka leo, na sitaki mtu anifariji.

Baadaye binti alifanyiwa upasuaji Njombe. Vidole viwili vilifunguka, vitatu vikagoma. Nikapigana na wakubwa zangu hadi tukakubaliana kwamba kaya zitambuliwe huko huko kijijini, majirani wakiwepo, kabla mtu hajaugua, na kwamba asihukumiwe mtu kwa kutazamwa mbele ya meza. Kazi hiyo ndiyo ninayoifanya mpaka sasa.

Lakini siku ile, kabla ya hayo yote, mama yule aliniandalia sahani ya viazi vya moto, akanisubiri nianze kula, ndipo akakaa chini kwenye mkeka.

“Dada, nilitaka nikuombe radhi,” alisema. “Siku ile nilikuja nimependeza mno. Nilikuchanganya.”

Nilikuwa na kiazi mdomoni. Palikuwa na nafasi ya kupiga magoti, na hapakuwa na mtu wa kunizuia. Nikameza, nikamjibu kwa sauti yangu ya ofisini.

“Usijali, mama. Nimeshakusamehe.”